Jua limefika kati, mvua je? Makobola inaingia masika mbegu zikiwa kidogo

Jumatatu hii, tarehe 22 Septemba 2025, saa mbili na dakika 19 za usiku kwa saa ya hapa kwetu, jua linavuka mstari wa ikweta likitoka kaskazini kwenda kusini. Hakuna mtu wa Makobola atakayeliona likivuka, maana wakati huo limekwisha kuzama nyuma ya milima. Kwenye simu wengi wameanza kupokea picha za miti yenye majani mekundu, zinazotumwa na ndugu waliotoka Nyarugusu wakafika Marekani ao Kanada: kwao huko leo baridi inaanza. Hapa kwetu swali ni lingine kabisa, na katika nyumba nyingi ni hili: tupande sasa ao tungoje?

Wasikilizaji wengi walijifunza shuleni kwamba mwaka una sezoni nne. Tulinakili kwenye daftari, tukapata alama zetu, kisha tukatoka inje na hatukuona hata moja. Sezoni hizo ni za inchi za mbali na ikweta, ambako tofauti kati ya mchana wa mwezi wa sita na ule wa mwezi wa kumi na mbili inaweza kupita saa nane. Makobola iko digrii tatu na nusu hivi kusini ya ikweta. Tofauti yetu kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama dakika 25 tu. Baridi haiwezi kutoka ndani ya dakika 25.

Lakini kusema kwamba siku hii haituhusu ni kosa. Inatuhusu kuliko watu wa Ulaya, ila kwa njia nyingine. Mvua za Afrika yetu hufuata jua. Pale jua linapopiga wima, ardhi inapata moto, hewa inapanda, na upepo wenye unyevu unakuja kujaza nafasi yake. Mkanda huo wa mvua unaenda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka, nyuma kidogo ya jua. Septemba unashuka kuelekea kwetu. Hapa Makobola jua linafika juu ya kichwa kabisa siku za kwanza za Oktoba, tarehe 2 hivi, na linarudi tena juu ya kichwa karibu na tarehe 11 Machi. Ukitaka kuona mwenyewe, simamisha kijiti wima kwenye uwanja wa nyumba tarehe hiyo, dakika saba hivi kabla ya saa sita za mchana. Kivuli kitapotea chini yake.

Wavuvi hawahitaji kijiti. Wao wanaona jua likitoka juu ya milima ya Burundi kila asubuhi, ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa sita linatokea upande wa kushoto, kuelekea Bujumbura; mwezi wa kumi na mbili linatokea mbali upande wa kuume. Wiki hii linatokea katikati, mashariki kamili. Hiyo ndiyo kalenda ya zamani kuliko ile ya ukutani, na haijawahi kukosea. Kinachokosea ni mvua.

Mvua ya uongo

Kila mkulima wa kando ya ziwa anaijua. Mwishoni mwa Septemba mawingu yanajikusanya juu ya milima, radi inapiga, mvua inanyesha usiku mmoja vizuri sana. Moshi wa mioto ya vichaka unasafishwa, na Burundi inaonekana tena kama iko hapa karibu. Kumbikumbi wanatoka, watoto wanakimbia nao na taa. Asubuhi wamama wako shambani na majembe. Halafu siku kumi ao kumi na tano zinapita bila tone. Mahindi yaliyoota yanageuka njano, na yale ambayo hayajaota yanaliwa na panya na kuku.

Zamani hasara hiyo ilikuwa ya kuvumilia. Mtu alipanda mara ya pili. Mwaka huu nani ana mbegu za mara ya pili? Hapo ndipo habari ya jua kuvuka ikweta inageuka kuwa habari ya mfuko na ya vita.

Tangu Januari na Februari, Goma kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira. Barabara ya Bukavu si ile tena. Mbegu na mbolea zilizokuwa zinashuka kutoka huko zinafika kwa shida, ao zinazunguka kupitia Burundi, Kigoma na Kalemie, na kila mzunguko unaongeza bei. Kwenye barabara ya taifa namba 5 kila bariere inadai chake, na mama mwenye ndoo moja ya maharagi hana namna ya kubishana. Wengine wana mbegu lakini hawana shamba: mashamba mazuri ya familia nyingi yako juu milimani, na kupanda huko ni kujiuliza kwanza nani analala njiani usiku. Kwa hiyo watu wengi wanabanana kwenye kipande chembamba kati ya mlima na ziwa, wanakodi vipande vidogo, wanapanda mwaka hadi mwaka bila kupumzisha udongo.

Katika hali hiyo, kupoteza mbegu kwa sababu ya mvua ya uongo ni kupoteza sezoni A yote. Sezoni A ndiyo hii inayoanza Septemba na kuvunwa Desemba na Januari. Aliyeikosa anangoja sezoni B, ya Februari hadi Juni, akiwa amekula mbegu zake.

Kuna njia ya kupunguza hatari hiyo, na haihitaji mradi wala semina. Kwanza, usihesabu mvua kwa kelele zake. Piga jembe: ikiwa udongo umelowa mpaka urefu wa kiganja chako, mbegu ina akiba; ikiwa chini ya vidole viwili ni vumbi, ngoja. Pili, weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa, upime kwa rula ya mtoto wa shule. Milimita moja ndani ya kopo ni litri moja ya maji juu ya kila metre moja ya mraba ya shamba. Wataalamu wa kilimo husema mvua ya milimita 20 hivi kwa siku mbili tatu ndiyo ya kuanza nayo, na hata hapo usimalize mbegu zote siku moja. Panda sehemu, bakiza sehemu. Wamama wetu wamefanya hivyo siku zote bila kopo wala rula, ila zamani walikuwa na mbegu nyingi zaidi za kubakiza.

Na mihogo? Mihogo inavumilia ukame, ndiyo maana bado tunakula. Lakini nayo ina saa yake. Wiki hizi utaona wamama wakiharakisha kuanika mihogo iliyolowekwa, kwenye mawe, kwenye mikeka, hata kandokando ya barabara na vumbi lake lote. Mvua ikishika, mihogo haikauki, inaota ukungu, na unga wa bugali unapanda bei Oktoba na Novemba, wakati uleule ambapo shamba halijatoa kitu. Wazazi wamekwisha kutoa pesa za kurudi kwa masomo mwanzoni mwa mwezi. Ndiyo sababu miezi hii mitatu ni migumu kuliko ile ya kiangazi.

Nani anatuambia mvua itakuwaje?

Hili tuliulizwa na wasikilizaji mara nyingi, na jibu halipendezi. Mwezi wa nane kila mwaka wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika ya Mashariki hukutana na kutoa utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Kazi hiyo inaongozwa na kituo cha ICPAC cha Nairobi, kinachotumikia inchi 11. Burundi imo. Tanzania imo. Rwanda na Uganda zimo. Congo haimo. Mtu wa Rumonge, ambaye tunamwona taa zake usiku, ana utabiri uliotengenezwa kwa ajili ya inchi yake. Sisi tunawekwa pamoja na Afrika ya Kati, ambako kituo cha kanda kiko Douala, Kameruni, karibu na bahari nyingine. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mawingu yetu bado yamebaki upande wa pili.

Tunayo Mettelsat, idara ya taifa ya hali ya hewa. Kutoka Kinshasa hadi Fizi ni mbali kuliko kutoka Kinshasa hadi inchi kadhaa za jirani, na taarifa inayofika hapa, ikifika, ni ya mkoa mzima, iko kwa Kifaransa, na haisemi kitu juu ya bonde moja ao jingine. Kuna pia FEWS NET, mfumo wa kuonya juu ya njaa uliokuwa unalipwa na Marekani. Ulizimwa mwishoni mwa Januari mwaka huu, misaada ya USAID ilipokatwa, ukaanza kurudi katikati ya mwaka. USAID yenyewe ilifunga milango tarehe 1 Julai. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya misaada (nasi tunayo), lakini kipimo cha mvua hakina chama, na kukizima mwaka wa vita ni kuwaacha watu gizani mara mbili.

Utabiri wa Nairobi wa mwezi uliopita unaonyesha mvua chache kuliko kawaida upande wa mashariki wa Pembe ya Afrika: Somalia, mashariki ya Kenya na Etiopia. Tafadhali tusiuchukue kama wetu. Mvua zetu hazitegemei Bahari ya Hindi peke yake. Nyingi zinapata unyevu wake kutoka msitu mkubwa wa Congo, magharibi. Ujumbe wa sauti unaozunguka ukisema kwamba Fizi nayo itakauka haukutoka kwenye utabiri huo. Lakini ule unaosema kwamba itakuwa gharika kama ya mwaka 2019 haukutoka huko pia. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipata moto mkali upande wa Afrika, mvua za mwisho wa mwaka zikapita kiasi katika eneo zima. Mwaka huu hali ya bahari hiyo iko kinyume.

Ziwa linapodanganya

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya anayeandika hapa, ndilo kubwa kuliko yote, ijapokuwa Septemba halionekani.

Ziwa Tanganyika linapanda na kushuka kila mwaka kama pumzi. Linapanda tangu Novemba, linafika juu kabisa karibu na Mei, kisha linashuka kiangazi chote mpaka Oktoba. Tofauti ya mwaka wa kawaida inakaribia metre moja. Maji yake hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga huko Kalemie, na mlango huo ni mwembamba. Sehemu kubwa ya maji inaondoka kwa kukauka na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili ao mitatu mfululizo, ziwa halina pa kukimbilia isipokuwa kwenye nyumba zetu. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1960, maji yalipofika juu sana mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa 2020 na 2021, na tena 2024, Uvira, Kalemie, Gatumba na vijiji vyetu vya kando vilipokaa ndani ya maji.

Leo, tarehe 22 Septemba, ziwa liko karibu na chini kabisa. Ufuo ni mpana. Mchanga ni mkavu, nafasi ni nzuri, bei ni ndogo. Na kwa kuwa watu waliokimbia wanatafuta mahali, na wenyeji wanatafuta pesa, vijumba vinaota kwenye ufuo kama uyoga. Anayekuuzia kipande hicho Septemba hakuambii kilikuwa wapi mwezi wa tano. Uliza majirani. Angalia mashina ya miti: alama ya maji huwa bado iko. Ukiona mchikichi uliokauka umesimama peke yake karibu na maji, ujue haukufa kwa kiu.

Upande wa mlima ni hivyohivyo. Milima ya Itombwe nyuma yetu inapita metre 3,000, na ziwa liko chini ya metre 800. Kati ya hapo na hapa umbali ni mdogo, kwa hiyo mto hauna nafasi ya kupunguza mbio. Mvua inaweza kunyesha huko juu wakati Makobola kuna jua kali, na baada ya muda mfupi maji ya udongo na mawe yanafika mahali wamama wanapofulia.

Tarehe zinasema wazi. Uvira, mto Mulongwe na mingine ilifurika usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, watu zaidi ya 40 wakafa. Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, ilikuwa Mei 2023, na waliokufa walipita 400. Na katika teritwari yetu wenyewe, Kasaba, sekta ya Ngandja, usiku wa 8 kuamkia 9 Mei mwaka huu: mto uliingia kijijini watu wamelala, zaidi ya mia moja hawakuamka, wengi wao watoto na wazee.

Aprili na Mei. Hakuna hata moja iliyotokea Septemba. Sababu inaeleweka: mwanzoni mwa masika udongo unakunywa maji, mwishoni umeshiba, na tone lolote linateremka. Lakini kazi ya kuzuia haiwezi kufanywa Mei. Mifereji inazibuliwa sasa ingali mikavu. Nyumba inasogezwa sasa, kabla haijapandishwa ukuta wa pili. Mteremko uliochomwa moto Agosti unaachwa uote majani, ao unalimwa kwa kukata mlima kwa upana badala ya kutoka juu kwenda chini. Salongo moja ya Jumamosi mwezi huu kwenye mfereji wa kijiji inafaa kuliko misafara yote ya magari yanayokuja baadaye na mablanketi. Wakubwa wa vijiji wanajua, na baadhi wamekwisha kuita watu. Ngazi za juu, kutoka sekta hadi mkoa, tunawauliza hadharani: baada ya Kasaba, ni mito mingapi ya Fizi imetembelewa na mtaalamu? Ukurasa huu uko wazi kwa jibu lao.

Kuna pia kolera. Uvira na Fizi ni kati ya maeneo ambamo ugonjwa huu haujawahi kuondoka kabisa kwa miaka mingi. Mvua ya kwanza inaosha kila kilicholundikana kiangazi chote na kukipeleka mtoni na ziwani, mahali palepale tunapochota. Wiki mbili za kwanza za mvua, maji ya ziwa yachemshwe ao yatiwe dawa, hata yakionekana safi.

Kwa wavuvi

Hapa angalau kuna habari nzuri. Tangu Mei upepo wa kusini umekuwa ukisukuma maji ya moto ya juu kuja upande wetu wa kaskazini. Ziwa lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na upepo huo wa miezi minne unayalundika maji kama mtu anayevuta blanketi upande mmoja wa kitanda. Mwishoni mwa Septemba upepo unalegea. Maji yanarudi kusini, ziwa zima linayumba polepole kama maji ndani ya beseni, na maji ya chini yenye chakula yanapanda upande wetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ndakala wanafuata chakula hicho, mikeke wanafuata ndakala.

Mwezi ni mpya, kwa hiyo usiku ni mweusi na taa zinafanya kazi vizuri mpaka mwezi mpevu wa tarehe 7 Oktoba. (Wengi wetu tuliuona ule uliotangulia, wa tarehe 7 Septemba, ukigeuka mwekundu, kilikuwa kivuli cha dunia, hakikuwa ishara ya kitu kingine, ijapokuwa tulipigiwa simu nyingi usiku huo.) Ila msimu unapogeuka upepo hauna adabu. Unalala jioni na kuamka usiku wa manane kutoka upande usiotazamiwa. Mitumbwi inayobeba watu na mizigo kwenda Baraka ao Kigoma isijaze kama ile ya mwezi wa saba. Na nyavu za macho madogo, zile kama chandarua, zinakula ndakala wa mwaka kesho. Inchi za ziwa hili zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, mwaka 2024, na kuharibu sasa ni kuifanya njaa ile ya miezi mitatu iwe ya bure.

Watu wa mbali wakisikia jina Makobola, wanakumbuka tarehe nyingine: 30 Desemba 1998 mpaka 2 Januari 1999, mamia ya watu walipouawa hapa na katika vijiji jirani. Mahindi yaliyopandwa Septemba na Oktoba huwa karibu kukomaa wakati huo wa mwaka. Waliokimbia kwa mitumbwi kwenda Tanzania waliyaacha yamesimama. Familia nyingi zinazojiuliza leo kama zipande ao zingoje zinafanya hesabu mbili pamoja: siku ngapi mpaka mvua ishike, na kama Januari watakuwa bado hapa kuvuna.

Hesabu ya kwanza tutaendelea kuifuata pamoja nanyi. Kuanzia wiki ijayo, mwenye kopo na rula atupigie kila asubuhi baada ya mvua, aseme kijiji chake na milimita alizopata: Swima, Mboko, Lweba, Baraka, na ninyi wa milimani ambako simu inashika. Tutazisoma kabla ya habari za saa moja.